Bei za supamaketi na gharama ya chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara watu wanapotoka kaunta wameshika risiti na kutikisa kichwa. Yameanza na ya msingi, yakaishia na yale ya mtu aliyekwisha kukasirika na anataka kujua la kufanya. Jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, namba ya swali imetajwa ili tusirudie.

## Mambo ya msingi

1. Wanatangaza kuwa mfumuko wa bei umeshuka. Mbona dukani sioni kilichoshuka?

Kwa sababu kilichoshuka ni kasi, si bei. Mfumuko wa bei hupima bei zimepanda kwa kiasi gani tangu wakati kama huu mwaka jana. Bidhaa iliyouzwa 100 ikafika 119 mwaka uliofuata, kisha 121 mwaka wa tatu, mfumuko wake umeporomoka kutoka asilimia 19 hadi chini ya asilimia 2. Wewe lakini unalipa 121, na mshahara wako huenda umebaki kwenye enzi za 100.

Hesabu hiyo iko karibu sana na yaliyotokea Uingereza. Machi 2023 chakula kilikuwa ghali kwa zaidi ya asilimia 19 kuliko mwaka mmoja nyuma yake. Kufikia katikati ya 2024 kiwango kilikuwa chini ya asilimia 2. Serikali ikatangaza nafuu, wanunuzi wakauliza iko wapi. Hakuna aliyedanganya: mmoja alisoma kasi, mwingine alisoma risiti.

2. Takwimu zinasema bei zimepanda kidogo tu, lakini matumizi yangu yamepanda sana. Nani mkweli?

Takwimu hupimwa kwa kapu la kaya ya wastani, na humo mna samani, simu, nauli za ndege na vitu vingine ambavyo nyumba nyingi hazigusi mwaka mzima. Kaya yenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya pesa zake kwa chakula. Jambo hili lilionyeshwa na Mjerumani Ernst Engel mwaka 1857, na tangu hapo limethibitishwa karibu kila lilipopimwa. Chakula kikipanda kuliko vitu vingine, mwenye kipato cha chini anaishi ndani ya mfumuko mkubwa kuliko ule unaosomwa kwenye taarifa ya habari.

Kuna jambo lingine lisilosemwa sana. Mwanauchumi Alberto Cavallo na mwenzake walifuatilia bei za maelfu ya bidhaa katika nchi kadhaa baada ya 2020, wakakuta kwamba chapa za bei nafuu zilipanda kwa kasi kuliko chapa ghali za bidhaa ileile. Sababu haihitaji shahada. Bidhaa ya bei nafuu haina ziada ya kukata: karibu gharama yake yote ni malighafi na usafiri, kwa hiyo malighafi ikipanda, bei inapanda nayo. Halafu watu wanaobanwa huhamia kwenye hizo za bei nafuu, na kuhama kwao kunazisukuma zaidi. Aliyekuwa tayari amenunua ya chini kabisa hana pa kushukia.

3. Bei ninayolipa kaunta imetengenezwa na nini hasa?

Na tabaka nyingi: mkulima, msindikaji, kifungashio, usafiri, ghala, nishati ya majokofu, mishahara, pango la duka, riba ya mikopo, kodi, na faida ya kila mmoja aliyeishika bidhaa njiani. Marekani, ambako wizara ya kilimo hufanya hesabu hii kila mwaka, katika kila dola moja inayotumika kununua chakula kinacholimwa nchini humo, mkulima hupata takriban senti 15 tu. Zilizobaki ni za wengine wote.

Ukiishika hesabu hiyo, mambo mengi yanafunguka. Ngano ikipanda maradufu sokoni duniani, mkate hautapanda maradufu, kwa sababu ngano ni sehemu ndogo ya bei ya mkate. Ikishuka nusu, mkate nao hautashuka nusu. Lakini dizeli ikipanda, inagusa karibu kila tabaka kwa pamoja. Kadiri bidhaa inavyosindikwa zaidi ndivyo bei yake inavyokuwa mbali na shamba. Kadiri ilivyo karibu na shamba, ndivyo inavyoyumba pamoja na mavuno.

4. Ni nini kilichopandisha bei miaka hii?

Mambo yalifuatana kabla ya lililotangulia kupoa. Ugonjwa wa korona mwaka 2020 ulivuruga bandari na kupandisha nauli za makontena. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Nchi hizo mbili ni wauzaji wakubwa wa ngano, na Ukraine peke yake ilikuwa inauza karibu nusu ya mafuta yote ya alizeti yaliyokuwa yakiuzwa nje duniani. Gesi asilia ikapaa, na gesi ndiyo malighafi kuu ya mbolea za naitrojeni, kwa hiyo msimu uliofuata ulipandwa kwa gharama mpya. Kisha nchi zikaanza kujifungia: Indonesia ilizuia kuuza nje mafuta ya mawese kwa wiki chache mwaka 2022, India ikazuia mchele mweupe usio basmati Julai 2023.

Kipimo cha bei za vyakula duniani cha FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kinachochukua wastani wa 2014 hadi 2016 kuwa 100, kilifika kama 160 Machi 2022, rekodi yake. Mapema 2024 kilikuwa kimerudi chini ya 120. Hapo ndipo hasira ya watu inapopata mashiko, maana masoko ya dunia yalishuka na rafu hazikushuka. Sehemu ya maelezo iko kwenye swali la 3: bei za FAO ni za malighafi, na mishahara, pango na riba havikurudi nyuma. Sehemu nyingine iko kwenye swali la 6, nayo haiwapendezi wenye maduka. Na pale ambapo sarafu ya nchi ilidhoofika dhidi ya dola, nafuu ya soko la dunia iliyeyuka kabla haijafika bandarini.

## Faida, tamaa na ushindani

5. Je, ni tamaa ya supamaketi tu?

Swali hili huulizwa kana kwamba tamaa ilianza 2022. Mwenye duka alitaka faida kubwa miaka kumi iliyopita, anaitaka leo, na ataitaka kesho. Kinachobadilika ni kitu kinachomruhusu kuipata. Kwa hiyo swali lenye manufaa ni hili: ni nini kilichokuwa kikimzuia kupandisha bei, na kizuizi hicho kimekwenda wapi?

Supamaketi zenyewe hujitetea kwa namba, na namba hiyo ni ya kweli: baada ya gharama zote, faida halisi ya biashara hii kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 3 ya mauzo. Ukilipa 100, duka linabaki na mbili hivi. Hata likiamua kutopata faida kabisa, risiti yako itapungua kidogo mno. Lakini utetezi huo unaficha mambo mawili. Kwanza, asilimia ndogo ya mauzo makubwa mno ni pesa nyingi sana, na mtaji wa supamaketi huzunguka haraka, wanauza kabla hawajamlipa aliyewaletea. Pili, asilimia ileile juu ya bei iliyopanda ni fedha nyingi zaidi bila kazi ya ziada.

Nchini Marekani, tume ya biashara ya FTC ilitoa ripoti Machi 2024 iliyoangalia wauzaji wa vyakula na vinywaji. Mapato yao yalizidi gharama zao kwa asilimia 5.6 mwaka 2015, ambao ndio uliokuwa kilele cha karibuni kabla ya korona. Mwaka 2021 ziada hiyo ilipita asilimia 6, na katika miezi tisa ya mwanzo ya 2023 ikafika 7. Basi gharama zilipanda kweli, na juu yake kikaongezwa kitu. Kitu hicho ni kidogo kuliko wanavyodhani wateja na ni kikubwa kuliko wanavyokiri wenye maduka.

Kilichowaruhusu, kwa maoni yangu, ni kelele yenyewe. Kila mtu akitarajia bei kupanda, mnunuzi hawezi kutofautisha ongezeko la lazima na la kujipakulia. Mshindani naye anaona wenzake wanapandisha, hana haraka ya kubaki chini.

6. Gharama zikipanda, bei hupanda siku hiyohiyo. Zikishuka, mbona husubiri miezi?

Hujakosea kuona. Mwanauchumi Sam Peltzman alichunguza bidhaa nyingi za viwandani na za rejareja na mwaka 2000 akatangaza kuwa katika zaidi ya theluthi mbili ya masoko aliyoyaangalia, bei ilipokea ongezeko la gharama haraka kuliko ilivyopokea punguzo.

Maelezo mengine yana uhalali. Bidhaa iliyo rafuni leo ilinunuliwa kwa mkataba wa miezi iliyopita, na mtengenezaji aliyefunga mkataba wa ngano au umeme kwa bei ya juu ataubeba hadi uishe. Lakini mkataba uleule ulipaswa pia kuchelewesha kupanda, na mara nyingi haukuchelewesha. Kinachobaki ni mazoea ya mnunuzi: ukishazoea bei mpya, hakuna anayeharakisha kukuzoesha ya zamani mpaka jirani yake aanze kuchukua wateja. Ndiyo maana swali la 8 lina uzito kuliko yote katika sehemu hii.

7. Mkulima analia, mnunuzi analia. Pesa zinakwenda wapi katikati?

Tabaka zimeelezwa kwenye swali la 3. Cha kuongeza ni nguvu ya mnunuzi mkubwa. Supamaketi yenye matawi mamia inaweza kumwambia anayeiletea bidhaa achangie gharama ya matangazo, alipie nafasi nzuri ya rafu, au abebe hasara ya bidhaa zilizoharibika. Malalamiko ya aina hiyo ndiyo yaliyoifanya Uingereza mwaka 2013 kuunda ofisi ya msuluhishi anayesimamia jinsi supamaketi kubwa zinavyowatendea wasambazaji wao. Msuluhishi huyo hahusiki na bei unayolipa wewe.

8. Kuwa na supamaketi chache kubwa kunaniathirije mimi?

Mshindani wa karibu ndiye anayezuia bei kupanda ovyo. Akitoweka, au akazoeana na mwenye duka, kizuizi kinalegea. Australia, maduka ya Coles na Woolworths yana takriban theluthi mbili ya mauzo ya supamaketi. New Zealand, tume ya biashara ilihitimisha Machi 2022 kwamba ushindani katika vyakula haufanyi kazi vizuri kwa wanunuzi, na baadaye ikateuliwa kamishna maalumu wa sekta hiyo. Marekani, kampuni za Kroger na Albertsons zilitaka kuungana kwa dili la karibu dola bilioni 25 lililotangazwa Oktoba 2022. Desemba 2024 mahakama ziliuzuia muungano huo.

Ushindani mdogo si kosa la jinai. Kupanga bei kwa siri ni kosa, na Kanada ndiyo iliyotoa mfano ambao wanunuzi wake hawajausahau. Mwaka 2017 kampuni ya supamaketi ya Loblaw na kampuni mama yake George Weston zilikiri kushiriki mpango wa miaka mingi wa kupandisha bei ya mkate kwa makubaliano. Juni 2023 mtengenezaji Canada Bread alikiri makosa na kutozwa faini ya dola milioni 50 za Kanada. Mwaka uliofuata Loblaw na Weston zikakubali kulipa jumla ya milioni 500 kumaliza kesi za wateja. Bidhaa yenyewe ni mkate, kitu ambacho watu hununua bila kufikiri, na nadhani ndiyo sababu ulichaguliwa.

## Rafuni na kaunta

9. Kifurushi kimepungua lakini bei ni ileile. Wanaruhusiwa?

Mara nyingi ndiyo, mradi uzito ulioandikwa ni wa kweli. Sheria hulinda usahihi wa kilichoandikwa, hailindi kumbukumbu zako. Ufaransa imekwenda mbele: tangu Julai 1, 2024 maduka yenye zaidi ya mita za mraba 400 yanatakiwa kuweka tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo huku bei ya kila kilo au lita ikiwa imepanda, na tangazo likae miezi miwili. Mwaka uliotangulia, supamaketi ya Carrefour ilikuwa imeanza kubandika matangazo kama hayo kwa hiari, ikiwanyooshea kidole watengenezaji. Ushujaa wa namna hiyo ni rahisi pale lawama inapomwangukia mwingine, lakini wateja walifaidika.

Ukitaka kukamata mchezo huu mwenyewe, usiangalie uso wa kifurushi. Uso haubadiliki, umebuniwa usibadilike. Pindua chini uone kama kitako cha chupa au kopo kimeingia ndani kuliko zamani. Bonyeza mfuko uone hewa. Kisha soma uzito halisi, ambao mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Namba zisizo za kawaida, kama gramu 465 au mililita 920, ni dalili kwamba zamani ilikuwa namba ya mviringo.

Aina nyingine ni ngumu zaidi kuona: uzito haupungui, viungo vya bei kubwa ndivyo vinavyopunguzwa na vya bei ndogo kuongezwa. Orodha ya viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Kiungo kikishuka nafasi kwenye orodha, kimepunguzwa, hata kama picha yake mbele ya boksi imeongezwa ukubwa.

10. Bei kwa kila kilo au lita nitaitumiaje?

Hii ndiyo silaha pekee isiyotegemea uaminifu wa mtu. Gawanya bei kwa uzito. Kifurushi cha gramu 500 kinachouzwa 200 ni 40 kwa kila gramu 100. Cha gramu 420 kinachouzwa 180 kinaonekana nafuu, kumbe ni karibu 43. Cha gramu 900 chenye maandishi makubwa ya familia kinachouzwa 378 ni 42, yaani kikubwa ni ghali kuliko kile cha gramu 500. Imani kwamba kikubwa ni nafuu inajulikana vizuri na wanaopanga bei.

Katika Umoja wa Ulaya bei hiyo imekuwa lazima kuonyeshwa kwa agizo la mwaka 1998. Kwingine ni hiari au haipo. Hata ilipo, soma kwa makini: mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilipochunguza mwaka 2023 ilikuta lebo zisizolingana, bidhaa za aina moja zikipimwa kwa vipimo tofauti, na bidhaa za ofa zikikosa bei hiyo kabisa. Lebo moja ikisema bei kwa gramu 100 na ya jirani yake kwa kilo, zidisha ile ya kwanza mara kumi kabla ya kulinganisha. Ofa ya ununue mbili upate ya tatu nayo igawe vivyo hivyo, kisha ujiulize kama ungenunua tatu bila ofa.

11. Nitajuaje kama punguzo ni la kweli?

Kwa kuijua bei ya kabla. Mbinu ya zamani ni kupandisha bei kwa wiki chache, kisha kuishusha na kuandika punguzo kwa wino mwekundu. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni iliyoanza kutumika Mei 2022: anayetangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Septemba 2024 mahakama ya juu ya Umoja huo ikafafanua kwamba asilimia ya punguzo lazima ihesabiwe kutoka bei hiyo ya chini, haitoshi kuitaja pembeni.

Mwezi huohuo wa Septemba 2024, tume ya ushindani ya Australia ilifungua kesi dhidi ya Woolworths na Coles, ikidai kuwa bei za mamia ya bidhaa zilipandishwa kwa muda mfupi kisha kutangazwa zimeshushwa, ilhali bei hiyo ya kushushwa ilikuwa sawa na au juu ya ile ya mwanzo.

Nyumbani, njia isiyo na gharama ni kuandika kwenye simu bei za bidhaa kumi unazonunua kila mara. Usiandike hamsini, utachoka. Kumi zinatosha kukuonyesha tabia ya duka.

12. Bei ya wenye kadi ni nafuu kweli, au bei ya wasio na kadi imepandishwa makusudi?

Wengi huamini la pili. Uingereza ililichunguza: mamlaka ya ushindani iliangalia takriban bidhaa 50,000 zilizokuwa na bei ya kadi, na Novemba 2024 ikasema asilimia 92 zilikuwa na nafuu ya kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya dukani hapo. Pia ilisema bei ya kadi ya duka moja si lazima iwe ya chini kuliko duka jirani, jambo ambalo mwenye kadi husahau.

Hiyo ni nchi moja. Na hata nafuu ikiwa ya kweli, unailipia kwa taarifa zako: unachokula, lini, na unaishiwa pesa tarehe ngapi. Taarifa hizo huuzwa kwa watangazaji na ni biashara inayokua. Kinachonikera mimi zaidi ni asiye na simu ya kisasa, mara nyingi mzee, anayelipa bei ya juu katika foleni ileile.

13. Rafu imeandika bei moja, kaunta imesoma nyingine. Nina haki gani?

Inategemea nchi. Katika sheria zinazofuata mapokeo ya Kiingereza, bei iliyo rafuni huhesabiwa kuwa mwaliko tu wa kununua. Mkataba hufungwa kaunta, msimamo uliothibitishwa na mahakama ya rufaa ya Uingereza mwaka 1953. Maana yake duka linaweza kukataa kukuuzia kwa bei ya rafuni. Lakini kuonyesha bei ya uongo kwa kawaida ni kosa chini ya sheria za kumlinda mlaji, na hilo ndilo la kulitaja ukiwa na meneja. Kanada ina kanuni ya hiari tangu 2002: katika maduka yaliyojiunga, bidhaa isiyobandikwa bei ikisomwa juu kuliko ilivyoonyeshwa, unapewa bure, au unapunguziwa kiasi maalumu ikiwa ni ya bei kubwa.

Kabla ya kugomba, hakikisha lebo ni ya bidhaa hiyo. Lebo nyingi zina jina la bidhaa, uzito, na namba za msimbopau. Linganisha tarakimu za mwisho na zilizo kwenye kifurushi. Mara nyingi bidhaa imesogezwa na mteja hadi juu ya lebo ya jirani. Ikiwa lebo ni yake, piga picha papo hapo, kwa sababu ikirekebishwa baada ya dakika tano huna ushahidi.

14. Lebo za kielektroniki zitafanya bei zibadilike nikiwa ndani ya duka?

Uwezo wa kiufundi upo. Walmart ilitangaza mwaka 2024 kuwa ingeziweka katika maduka 2,300 kufikia 2026, ikisema lengo ni kupunguza kazi ya kubandika karatasi. Lebo hizo pia zinapunguza tatizo la swali la 13, maana rafu na kaunta husoma hifadhi moja.

Linalostahili kufuatiliwa zaidi liko kwenye programu za simu: bei inayotofautiana kati ya mteja na mteja kwa kutumia taarifa zake. Jimbo la New York mwaka 2025 lilianza kuwataka wafanyabiashara wanaofanya hivyo wamwambie mnunuzi waziwazi.

## Hasira na la kufanya

15. Kususia supamaketi kunasaidia?

Kunasaidia kukiwa na shabaha nyembamba. Israeli mwaka 2011 watu waligoma kununua aina moja tu ya jibini laini, baada ya bei yake kupanda kwa miaka kadhaa. Kila mtu aliweza kushiriki bila kulala njaa, na ilikuwa rahisi kuona anayevunja mgomo. Watengenezaji wakashusha bei ndani ya wiki chache.

Croatia ilichagua siku: Ijumaa, Januari 24, 2025, wananchi wakakaa mbali na maduka, na mauzo ya siku hiyo yakaanguka karibu nusu. Mgomo ukasambaa nchi jirani za Balkani. Kiuchumi, anayesusia Ijumaa hununua Alhamisi au Jumamosi, duka halipotezi sana. Kisiasa ilikuwa habari nyingine: serikali iliongeza orodha ya bidhaa zenye bei kikomo kutoka 30 hadi 70.

Kanada, mgomo wa Mei 2024 dhidi ya Loblaw ulilenga kampuni nzima. Huo ni mgumu zaidi, hasa kwa anayeishi mahali ambapo duka lingine liko mbali. Tatizo lililowakasirisha, uchache wa maduka, ndilo lililowanyima pa kwenda.

16. Kwa nini serikali isiweke tu kikomo cha bei?

Baadhi zimeweka. Hungaria, kuanzia Februari 2022, iliamuru vyakula kadhaa vya msingi viuzwe kwa bei za Oktoba 2021. Maduka yakaweka ukomo wa kiasi cha kununua, bidhaa zikaadimika hapa na pale, na yakafidia hasara kwa kupandisha vitu visivyo kwenye orodha. Mwanzoni mwa 2023 mfumuko wa bei za vyakula nchini humo ulipita asilimia 40, mkubwa kuliko wote katika Umoja wa Ulaya. Sababu zilikuwa nyingi, ila kikomo hakikuuzuia. Kiliondolewa Agosti 2023. Machi 2025 serikali hiyohiyo ikajaribu njia nyingine: kuweka kikomo cha asilimia 10 juu ya kile duka linachoongeza kwenye bei ya kununulia.

Kupunguza kodi ni njia ya pili. Poland iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa vyakula vya msingi kuanzia Februari 2022 hadi Machi 2024. Nafuu humfikia mnunuzi pale maduka yanaposhindana. Yasiposhindana, sehemu yake hubaki kwa mwenye duka, na hatujatoka nje ya swali la 8. Kikomo kifupi wakati wa dharura naweza kukielewa. Kikomo cha miaka ni kodi iliyofichwa kwa mtu mwingine.

17. Nirundike vitu kabla havijapanda?

Kwa vikavu unavyovitumia hakika, na kwa pesa usiyoihitaji mwezi huu, sawa. Kwa mkopo, hapana. Watu wengi wakirundika pamoja huiumba ile adha waliyokuwa wakiikimbia.

18. Keshia anahusika vipi?

Hahusiki. Bei hupangwa makao makuu, na yeye hununua kwenye rafu hizohizo.

19. Bei zitarudi zilivyokuwa?

Kwa ujumla, hapana. Bidhaa moja moja hushuka: mafuta ya kupikia yalishuka sana baada ya kilele cha 2022, na mazao hushuka mavuno yakiwa mema. Kushuka kwa bei za karibu vitu vyote kwa pamoja huja na mdororo mkubwa wa uchumi, na hapo kinachokosekana ni kazi. Njia ya kawaida ya nafuu ni kipato kukimbia kuliko bei kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo ukisikia ahadi ya kushusha bei, muulize mwenye ahadi ni bidhaa gani na kwa njia ipi. Ukisikia ahadi ya kuongeza ushindani, muulize ni duka gani jipya litafunguliwa na wapi.

20. Nataka kulalamika rasmi. Niandike nini?

Anza na meneja wa duka, kisha ofisi ya huduma kwa wateja ya kampuni, kisha mamlaka ya nchi yako inayolinda walaji au ushindani. Malalamiko ya jumla kwamba kila kitu ni ghali huishia kwenye jalada. Yanayofanyiwa kazi yana jina kamili la bidhaa, uzito, tarehe na saa, tawi, bei iliyoonyeshwa, bei uliyotozwa, na picha. Kwa punguzo la uongo, weka picha mbili za lebo ileile kwa tarehe tofauti.

Risiti ipige picha siku hiyohiyo. Nyingi huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga, na ukiiacha juu ya dashibodi ya gari wiki chache, utakachopeleka kwa mamlaka ni kipande cheupe.